Chumvi haifuatwi chini (kwa aliyeuliza kuhusu kisima cha Manda)

USICHIMBE. Weka simu chini, usimtumie huyo mwenye mashine hata ile elfu 30 ya "kuvusha mitambo kutoka Mokowe". Soma kwanza, utanikasirikia baadaye.

Kwa ambao hawajaliona swali lake: ana ploti kisiwani Manda, hapa Lamu, upande wa Maweni. Kisima chake cha pima 4 (kama mita 7) kimeanza kuingia chumvi. Fundi amemwambia ashuke mita 60 "kutafuta maji matamu ya chini", na mkopo umeshapita. Anauliza anunue pampu gani ya sola, tangi la plastiki au la saruji, minazi yake inakauka apande nini badala yake, na je, ni bora auze tu ahamie Hindi, kule bara. Maswali manne, yote ya maana. Lakini mimi nilipofika kwenye "mita 60" niliguna kwa sauti mpaka mke wangu akauliza nani amefariki.

Mimi nilishuka 72.

Ilikuwa 2022. Mnaikumbuka hali. Vuli ya 2020 haikuja sawasawa, masika ya 2021 yakapita juu juu, na ikawa hivyo misimu mitano mfululizo. Nyumba yetu iko kisiwani Lamu, ukishauacha mtaa wa Langoni kuelekea Shela, na kisima cha marehemu baba tumekinywa tangu nizaliwe. Ramadhani ya mwaka huo, futari ya kwanza tu, mgeni akatuuliza kwa adabu kama uji tumeutia chumvi kusudi. Hapo ndipo nilipoingiwa na wazimu.

Akaja bwana mmoja. Simtaji, maana anajijua, na nasikia bado anazunguka visiwani. Alikuja na nyaya mbili za shaba mkononi na kompyuta begani, ili asiyeamini hiki aamini kile. Akazunguka ua, nyaya zikapishana karibu na choo, akasimama pale kama aliyeona hazina. Kisha akaniambia maneno ambayo nina hakika na wewe umeambiwa: "Ndugu yangu, haya ni mabadiliko ya tabianchi. Maji ya juu yameisha. Dunia imebadilika, sasa ni lazima kwenda chini." Neno tabianchi alilitamka kama muuza dawa sokoni anavyotamka jina la mti. Nikalipa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pesa zilipozama. Chini ya kisiwa hakuna maji matamu yanayokungoja. Chini ya kisiwa kuna bahari. Mvua inanyesha juu ya mchanga, na kwetu ni ile michanga ya Shela, inazama polepole, inakaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu maji ya pepo, yaani matamu, ni mepesi. Yanaelea. Fikiria dau lililopakia: sehemu ndogo unaiona juu ya maji, sehemu kubwa iko chini. Mdachi mmoja na Mjerumani mmoja walipiga hesabu yake zaidi ya miaka 100 iliyopita: kwa kila mita 1 ya maji ya pepo iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 zilizozama chini ya usawa huo. Ukisikia hivyo utafurahi, utasema kumbe ipo akiba. Mimi pia nilifurahi nilipoisoma, nikiwa nimeshachelewa. Sasa igeuze. Dau likishushwa mzigo, mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, unapanda. Ukivuta maji mpaka usawa wa kisima ushuke mita 1, hesabu inasema chumvi itapanda mita 40 kukutafuta. Ukishusha robo mita tu, mita 10. Na visiwa vyetu ni bapa, hayo maji ya juu ya usawa wa bahari ni kidogo mno, wala usijidanganye kwamba una mita nzima.

Kwa hiyo yule bwana hakuchimba kisima. Alitoboa mkuku.

Mashine ilikuja kwa jahazi, vipande vipande, watoto wakishangilia. Siku ya kupima, maji yalitoka ya kijivu na makali. Akasema huo ni uchafu wa kuchimba: "Vuta tu, yatasafika." Kama kuna maneno matatu ya Kiswahili ningeyapiga marufuku, ni hayo. Wiki tatu za mwanzo kweli ukali ulipungua, nikamtumia ujumbe wa shukrani (bado ninao, siufuti, huwa nausoma nikijiona mwerevu). Bomba lilikuwa na matundu tangu juu, nami nilikuwa nanyonya tabaka la juu, akiba ya mtaa mzima, nikidhani ni maji yangu ya chini.

Na nilinyonya kwa sola. Hili ni la kwako hasa, wewe unayeuliza pampu gani. Mwenye kuiuza alisema "jua ni bure, mafuta sufuri", na ni kweli. Ndio ubaya wake. Pampu ya petroli inakuuma mfukoni, unaizima. Ya sola hakuna anayeizima. Ilivuta saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, tangi likajaa, likafurika, tukamwagilia migomba, tukaosha ua, tukaosha punda wa watu. Zamani kisima kililindwa na kamba na ndoo. Mkono ulichoka kabla ya kisima kuchoka. Hakuna aliyetuwekea sheria ya maji kwa sababu mabega ndiyo yaliyokuwa sheria. Kisha tukaleta bomba, vyoo vya kuvuta lita 9 kwa mpigo, nyumba za wageni zenye mabafu sita, na mwaka mvua ilipokosa tukasema ni hewa iliyobadilika. Imebadilika, sikatai. Lakini sisi tulitangulia.

Mwezi wa tatu wa pampu chai ikaharibika tena. Mwezi wa nne sabuni ikakataa kutoa povu. Mke wangu, ambaye mashua ya baba iliuzwa mbele ya macho yake kulipia haya, akasema kwa upole mkubwa: "Nilikuomba bomba, umeniletea bahari." Na bahari ilikuwa bure, hatua mia nne kutoka mlangoni. Mimi nimeinunua. Kuchimba, mabomba, pampu, paneli, tangi, kuvusha, chakula cha mafundi, jumla shilingi 1,140,000. Ukipata bahari ya bei rahisi zaidi nijulishe.

Lakini pesa si ndiyo iliyoniuma, na ndiyo maana naandika saa hizi badala ya kulala.

Jirani yetu ni bibi mmoja mtu mzima. Kisima chake ni kifupi, cha mawe, cha mume wake, na mume alisema kabla hajafa kwamba asifungiwe mtu. Nyumba kumi na mbili zilichota pale bila kulipa. Hata kwenye ule ukame kilipungua lakini hakikugeuka. Mwezi wa nne wa pampu yangu, asubuhi, mjukuu wake akaja na sahani. Juu ya sahani glasi ya maji imefunikwa kitambaa cha kufumwa, kama unavyompelekea mgeni sharubati. Akasema, "Bibi amesema uonje."

Nilionja.

Hakuja kugombana. Hakusema kitu msikitini, hakumwita mzee wa mtaa. Ningependa angenitukana. Siwezi kuthibitisha kwa karatasi kwamba ni mimi, ukame ulikuwepo na nyumba za wageni zilikuwepo, lakini mtaani hakuna aliyehitaji mtaalamu: bomba langu hatua thelathini, kisima chake kimegeuka, basi. Nyumba kumi na mbili zikaanza kununua maji ya mitungi. Miezi kumi na moja nilimlipa mwenye punda apeleke mitungi kwa bibi kila siku, naye kila siku aliipokea na kusema ahsante, na ile ahsante, ndugu yangu, ni nzito kuliko mkopo wako wote.

Kulikuwa na mzee pale Langoni, fundi wa visima wa zamani, aliyechimba kwa mikono yake. Nilimwendea KABLA, nataka ulielewe hilo, sikukosa wa kuniambia. Alisema, "Mai ya pepo hukaa yuu ya mai ya munyu, mwanangu. Ukiyavuta kwa pupa, munyu hupanda." Nikacheka kimoyomoyo. Yule mwingine alikuwa na kompyuta.

Na kompyuta yake! Ripoti niliisoma baada ya mwaka, siku ya hasira. Kurasa kumi na nne, ramani za rangi, na ukurasa wa tatu unasema kiwanja changu kiko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mita elfu moja mia sita! Mimi nikiwa kitandani nasikia mawimbi. Alikuwa ameinakili ripoti ya mtu wa bara, akabadilisha jina la mteja, akasahau mlima. Na kibali? Kwa sheria huchimbi kisima kama hicho bila kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ripoti iandikwe na mtaalamu wa maji ya ardhini aliyesajiliwa. Yeye alisema, "Hiyo niachie mimi." Nikamwachia. Sasa mwulize wako: kibali kiko wapi, na ploti yako iko mita ngapi juu ya bahari? Akisita kwenye la pili, mfungulie mlango atoke.

Kuna atakayekuja hapa chini kusema namlaumu mchimbaji bure, bahari ndiyo inayopanda. Inapanda, ndiyo. Wanasayansi wa IPCC, lile jopo la kimataifa la tabianchi, wanasema kati ya 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kama sentimita 20, na miaka ya karibuni ni karibu milimita 4 kila mwaka. Si mchezo kwa watu wanaokaa kama sisi. Lakini pima mwenyewe: dunia nzima imechukua zaidi ya karne kupandisha bahari sentimita 20. Mimi peke yangu huenda niliipandisha chini ya mtaa wangu mita kadhaa kwa miezi minne, kwa jua la bure.

Nawe uko Manda, kwa hiyo hali yako ni mbaya kuliko yangu. Mimi angalau nina mchanga wa Shela mgongoni. Wewe umekaa juu ya mawe ya matumbawe, yale yale wanayokata hapo Maweni kujengea nyumba za Lamu, na jiwe hilo ni matundu matupu, bahari inaingia na kutoka kama ina ufunguo. Tembea mpaka Takwa, kwenye magofu ya ule mji wa kale, siku moja ukaone. Msikiti umesimama, kuta zipo, watu hakuna tangu karne ya 17. Sababu zinatajwa nyingi, vita na watu wa kisiwa jirani cha Pate imo, na mojawapo ni visima kugeuka chumvi. Wao hata pampu hawakuwa nayo.

Basi kanuni ni moja, nimeilipia, nakupa bure: CHUMVI HAIFUATWI CHINI. Maji yakianza chumvi unarudi juu. Unainua bomba, unapunguza kuvuta, na unaangalia mbinguni. Yeyote atakayekuambia ushuke, awe na kompyuta, kitambulisho au shahada, anakuuzia bahari.

Kurudi juu ni hivi. Mimi 2023 nilimwita fundi mwingine akakiziba kile kirefu kwa saruji kutoka chini. Ndiyo, nililipa tena, kulifunga shimo nililolipia kulifungua, cheka tu. Kisima cha baba nikakirudia. Mdomo wa bomba uliokuwa umelala chini kabisa tukauinua, ukaning'inia karibu na uso wa maji, na boya juu yake ili maji yakipungua pampu ijizime. Pampu ndogo kabisa, ile ambayo muuzaji anaiona aibu kukuuzia. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Hayo ya kisima ni ya kuogea na kufulia. Ya kunywa ni ya mvua.

Hapa wakwe zangu wa Kizingitini, kisiwani Pate, walinicheka mpaka wakakaa chini. Kule Pate hawajawahi kukiamini kisima. Wana jabia: sakafu pana yenye mteremko, mvua ikinyesha maji yanakimbilia kwenye tangi lake, na masika yakikaribia mtaa unatoka kwa mafagio kuisafisha. Sisi wa Amu (Lamu mjini) tuliwaona washamba, wanakunywa mvua karne hii. Hata kwao baadhi ya jabia zimeachwa zikapasuka watu walipoahidiwa mabomba, halafu mwaka wa ukame kila mtu akawa mtaalamu wa kuziba nyufa. Baba mkwe hutania kwamba jabia humshinda mchimbaji kwa sababu huwezi kumdanganya mtu kuhusu mvua, ama imenyesha ama haikunyesha.

Hesabu yake haihitaji nyaya za shaba. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mabati la mita za mraba 100, masika yakileta milimita 400, ni lita 40,000. Toa yanayomwagika na mvua ya kwanza unayoiacha ioshe kinyesi cha kunguru, useme 30,000 zimeingia. Watu sita wakinywa na kupika kwa lita 10 kila mmoja ni lita 60 kwa siku, yaani zaidi ya mwaka mzima. Mkopo wako ni wa hili! Mabati kama una makuti, mifereji, na tangi. Tangi la plastiki au la saruji mtabishana wenyewe, mimi nataka liwe kubwa, lisivuje, na liwe na kifuniko mbu asichopita.

Mashine ya kuchuja chumvi usiniambie. Nani atalipa umeme na vichujio, na yale maji makali yanayobaki utayamwaga wapi, Takwa?

Lingine dogo, na najua hutalipenda. Kabla ya pampu yoyote, kaa na majirani. Maji ya chini hayajui ploti yako inaishia wapi. Sisi sasa ni nyumba tisa tuliokubaliana saa za kuvuta, na nyumba moja ya wageni imekubali baada ya kutishiwa kuandikwa vibaya na watalii (si mimi niliyetishia, ni shemeji yangu). Siku ya kwanza ya kikao ilibidi nianze kwa kuomba radhi mbele ya watu, nami si mtu wa kuomba radhi, nikajifanya nakohoa katikati. Wanawake ndio walioshika daftari. Wao ndio wanaojua nani anafua lini.

Mvua kubwa za mwisho wa 2023 zilisaidia, na masika ya 2024. Kisima cha bibi siku ile ya glasi sikukipima, nilikuwa na aibu. Kipimo cha kwanza nilichochukua baadaye kilisoma miligramu 2,900 za chumvi kwa lita. Mwezi uliopita kilisoma 1,300. Ulimi huanza kukataa kwenye 1,000 hivi, na bahari yenyewe ni kama 35,000, kwa hiyo ujue: sehemu 3 tu za bahari katika 100 zinatosha kukuharibia kisima. Kuharibu miezi minne. Kurudi, bado tunahesabu miaka.

Kwa hiyo kazi yako wiki hii ni moja. Subiri bamvua, siku mbili baada ya mwezi mpevu, bahari ikijaa mpaka mwisho, upime chumvi ya kisima chako. Pima tena wiki moja baadaye, maji mafu, bahari isipojaa sana. Usivute kwa pampu kabla ya kupima, teka kwa ndoo kutoka juu. Namba zikipishana sana, bahari inaingia na kutoka chini ya miguu yako sasa hivi, bila msaada wa mashine. Niandikie zote mbili hapa hapa. Kalamu ya kupimia chumvi ninayo, nitamwachia mwenye boti ya Manda pale jeti kesho baada ya alasiri. Betri yake inakaribia kuisha, usiiwashe kumwonyesha kila mtu.